Kuwahi Boti ya Unguja: Saa ya Kuripoti na Haki ya Kutangulizwa

Msafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Unguja ana nyakati mbili za kuzingatia: wakati wa kufika bandarini na wakati wa chombo kung'oa nanga. Wengi hushika ule wa pili pekee, na hapo ndipo safari huharibika. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, kuachwa na boti ni usumbufu wa nusu siku. Kwa aliyetoka Mbekenyera au Kilimarondo, akiwa amekaa ndani ya basi kwa zaidi ya kilomita 500, kuachwa ni kulala jijini bila kutarajia, kutafuta nauli nyingine, na pengine kukosa miadi ya hospitali, harusi au maziko yaliyomtoa nyumbani.

Lango la abiria hufungwa kabla ya boti kuondoka, na ofisi ya kampuni ndiyo itajayo muda huo wakati wa kukata tiketi. Asiyeambiwa aulize. Anayefika saa moja kabla ya boti kuondoka huwa na nafasi ya kupumua. Mwenye mgonjwa, watoto wadogo au mizigo mingi anafanya vyema kuongeza nusu saa juu yake. Muda huo haupotei bure. Tiketi inalinganishwa na kitambulisho, na jina lililo kwenye tiketi sharti liwe lile lile la kitambulisho. Mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi. Gunia la korosho au ndoo ya ufuta inayomzidi mtu kubeba mkononi huandikishwa na kulipiwa kando, na foleni yake ni nyingine kabisa. Kisha abiria huketi katika ukumbi wa kusubiri hadi watakapoitwa kupanda.

Watu huuliza kwa nini lango lifungwe ilhali boti bado ipo gatini na kamba zake hazijafunguliwa. Jibu lake ni hesabu. Nahodha anapaswa kujua amebeba watu wangapi, na orodha yao ibaki nchi kavu mikononi mwa wanaoweza kuitumia ikiwa mambo yataharibika. Orodha haiwezi kukamilika huku watu wakiendelea kuingia.

Tanzania imejifunza jambo hili kwa gharama kubwa. MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo waliokufa hutajwa kwa makadirio tu, yapata watu 800. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi. Miili iliyopatikana ilikuwa mia mbili na kidogo, lakini tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi yake ilihesabu waliokufa na waliopotea kuwa zaidi ya 1,500. Tofauti hiyo kubwa inaonyesha maana ya chombo kuondoka bila mtu yeyote kujua kimebeba nani. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, ikazama MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam, na Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Karani anayefunga lango mbele ya uso wa mtu aliyechelewa haonekani kuwa na huruma, lakini kazi anayoifanya ni hiyo.

Kuhusu nani apande kwanza, yapo matangulizi ya aina mbili, na si vizuri kuyachanganya. La kwanza linanunuliwa. Boti za mwendo kasi zina madaraja kadhaa, na aliyelipia daraja la juu hupewa ukumbi wake wa kusubiri na huitwa mapema. Hiyo ni biashara, na hakuna anayedhulumiwa nayo maadamu kila mwenye tiketi ana kiti chake. La pili halinunuliwi: ni la mzee, mjamzito, mtu mwenye ulemavu, mgonjwa na mzazi mwenye mtoto mchanga. Mkazi aliyezoea dirisha la wazee katika hospitali ya wilaya atalielewa mara moja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka vikwazo viondolewe katika huduma zinazotolewa kwa umma, na usafiri ni mojawapo.

Aina hii ya pili ina sababu nyingine ambayo haisemwi mara nyingi. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha ya watu baharini, ambao asili yake ni ajali ya Titanic ya mwaka 1912, unataka watu wote wahesabiwe kabla ya meli ya abiria kuondoka, na unataka pia nahodha apewe taarifa za abiria waliosema kwamba watahitaji msaada wa pekee wakati wa dharura. Mkataba huo uliandikwa kwa ajili ya safari za kimataifa, lakini busara yake haibadiliki kwa sababu safari ni ya Unguja. Mzee asiyeona vizuri, au kijana anayetumia kiti cha magurudumu, anapojitambulisha langoni haombi hisani. Anawapa mabaharia taarifa wanayoihitaji: ameketi wapi, nani yuko naye, na nani atamvalisha jaketi la kujiokolea. Hali kadhalika mama mwenye mtoto mgongoni. Mtoto asiyelipiwa nauli naye ni mtu wa kuhesabiwa, na mama aseme yupo hata kama amelala ndani ya kanga.

Kutangulizwa, hata hivyo, kunaombwa mapema. Inafaa kusema wakati wa kukata tiketi, kisha kukumbusha langoni, kabla ya msongamano wa kuelekea kwenye ngazi ya kupandia. Aliyefika wakati ukumbi umekwisha kusimama wote, kila mmoja na begi kichwani, hata akiwa na haki yake kamili ataipata kwa shida, kwa kuwa hakuna pa kupita. Msindikizaji wa mgonjwa afahamu pia kwamba yeye naye anahitaji tiketi ikiwa anakusudia kumfikisha hadi kitini na kusafiri naye; wasiosafiri huishia langoni.

Isidhaniwe kwamba taratibu hizi zimewekwa kwa ajili ya wanyonge wa daraja la chini tu. Mkoa wa Lindi wenyewe hupokea watalii wanaokuja kwa meli kubwa kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981 na ambayo sasa yako chini ya usimamizi wa TAWA. Meli za namna hiyo hutia nanga mbali kidogo, na abiria hushushwa kwa boti ndogo, kundi baada ya kundi, kwa zamu waliyopangiwa. Jioni kuna saa ambayo kila mmoja sharti awe amerudi. Machi 2024, katika kisiwa cha São Tomé upande wa magharibi wa Afrika, abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn walichelewa kwa zaidi ya saa moja kutoka matembezini. Walikuwamo wazee na mjamzito. Meli walikuwa wakiiona kwa macho, bado imetia nanga, na walinzi wa pwani waliwapeleka kwa boti hadi ubavuni mwake, lakini hawakupandishwa. Walilazimika kuzunguka nchi kadhaa kwa gharama zao hadi walipoipata Senegal. Fedha walizolipia safari hiyo hazikuwasaidia, na haki ya kutangulizwa haikuwasaidia pia, kwa kuwa haki hiyo hutumika lango likiwa wazi.

Kwa wakazi wa Nachingwea na Ruangwa, hesabu ya kuwahi boti huanzia mbali na bahari. Jina la kata ya Stesheni linakumbusha kwamba hapo zamani Nachingwea ilikuwa na reli ya mradi wa karanga iliyoshuka hadi pwani. Reli ile iling'olewa miaka ya 1960, na kwa miaka mingi baadaye safari ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa ya kubahatisha. Watu wazima wanakumbuka kivuko cha Ndundu katika mto Rufiji, ambako magari yalipanga foleni na abiria kulala njiani. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilipofunguliwa mwaka 2003, shida hiyo iliisha, na safari ya siku moja ikawa jambo la kawaida.

Lakini kufika Dar es Salaam siku hiyo hiyo hakumaanishi kuiwahi boti siku hiyo hiyo. Basi linaloondoka alfajiri, likipita Nanganga, Mingoyo, Nangurukuru na Kibiti, huingia jijini mchana ukiwa umekwenda sana au jioni, na boti ya mwisho huondoka alasiri. Kuunganisha safari hizi mbili kwa siku moja ni kucheza kamari. Ni salama zaidi kulala jijini kwa ndugu au katika nyumba ya wageni na kupanda boti ya asubuhi. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, wapo wanaoondoka jioni wakitarajia kufika alfajiri na kwenda moja kwa moja bandarini. Inawezekana, lakini tiketi isiwe ya boti ya kwanza. Pancha moja tu Somanga inatosha kuimaliza asubuhi nzima.

Masika yanataka tahadhari zaidi. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam katika sehemu kadhaa, na abiria wakakwama njiani kwa siku. Mwenye miadi isiyoahirishika aondoke siku moja kabla. Baada ya mvua hufuata kusi, ambayo huvuma kwa nguvu kati ya Juni na Agosti na kuchafua bahari ya mkondo wa Zanzibar. MV Skagit ilizama katika majira hayo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa, safari huweza kuahirishwa, na anayesikiliza redio jioni ya kuamkia safari huepuka kwenda kukaa bandarini bure.

Kuna pia suala la pa kushukia. Mabasi ya kusini huingia jijini kwa Barabara ya Kilwa kupitia Mbagala, na yale yanayoendelea hadi kituo cha Magufuli huko Mbezi huupeleka mwili mbali na bahari. Anayekwenda bandarini anaokoa muda mwingi akishuka Mbagala Rangi Tatu, kwani barabara ile ile ndiyo inayoelekea upande wa bandari. Akichukua bajaji au bodaboda asiseme anakwenda "Feri". Kwa watu wa Dar es Salaam, Feri ni Magogoni, kilipo kivuko cha Kigamboni na soko la samaki, na mgeni hujikuta huko na mizigo yake huku dakika zikiyoyoma. Aseme anakwenda kwenye boti za Zanzibar, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, barabara ya Sokoine. Pale nje atapokewa na watu wengi wanaojitolea kumkatia tiketi na kumbebea begi. Tiketi ikatwe ndani ya ofisi ya kampuni, na isomwe palepale dirishani: jina, tarehe, na asubuhi au mchana.

Anayeachwa na boti aende ofisini mara moja, kabla hata hajaketi kupumzika. Masharti ya kubadilishiwa tiketi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na mara nyingi anayejieleza siku ile ile husikilizwa vizuri kuliko anayerudi kesho yake. Iwapo kosa ni la kampuni, yaani boti imeahirishwa, imezidisha abiria, au mtu mwenye ulemavu amenyimwa msaada, malalamiko hupelekwa TASAC kwa upande wa Tanzania Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa upande wa Zanzibar. Ikiwa chanzo ni basi lililochelewa kwa uzembe, mlango wa kubisha ni LATRA, ambayo ina ofisi mkoani Lindi. Kote huko kitakachoulizwa kwanza ni tiketi, kwa hiyo isitupwe baada ya safari.

Safari ya kurudi hupangwa kwa hesabu hiyo hiyo iliyogeuzwa. Bandari ya Malindi mjini Unguja nayo ina lango lake na ukaguzi wake, na boti huchukua muda wa saa mbili hivi kuvuka. Anayeondoka Unguja alasiri atafika Dar es Salaam jua likizama, wakati mabasi ya usiku ya kusini yanakaribia kuondoka au yamekwisha kuondoka, kwa hiyo tiketi ya basi la Nachingwea au Ruangwa ni afadhali ikatwe kwa ajili ya siku inayofuata.