Mbwa Akizikwa, Ushahidi Huzikwa Naye

Mbwa anaposhukiwa kuwa na kichaa, mara nyingi watu humuua na kumzika papo hapo. Hatari huwa haijaisha, na ushahidi umepotea. Ugonjwa huu huthibitishwa kwa kupima ubongo wa mnyama, na maabara kuu ya mifugo iko Kabete, Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka Garissa. Kutoka Wajir na Mandera ni mbali zaidi. Kwa joto la huko, kichwa kisichowekwa katika barafu huoza njiani.

Isitoshe, mtu aliyeumwa huandikishwa hospitalini, ilhali ngamia aliyeumwa na mbwa huyo huyo ni kazi ya ofisi ya mifugo. Zisipoarifiana, hakuna ajuaye ugonjwa umeenea wapi wala chanjo ya mbwa ipelekwe wapi. Mpango wa taifa wa mwaka 2014 unalenga kukomesha vifo vya watu ifikapo 2030.

Ukiumwa, osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha kimbilia hospitali upewe chanjo. Dalili zikishaanza, ni vigumu mno kupona. Mwarifu pia daktari wa mifugo, na mzoga usiuguse.