Goti la Askari na Maji ya Gegedu

Maumivu ya magoti yanajulikana sana katika kazi ya jeshi na polisi, lakini jina tunaloyapa linapotosha. Askari ashukaye miteremko ya Rwenzori juu ya Bwera na mzigo mgongoni, akaamka kesho yake goti limekaza, husema amepatwa na baridi yabisi. Jina hilo huitia hatiani baridi ya mlimani. Lakini polisi asimamaye barabarani mjini Kasese, huko bondeni ambako jua halina huruma, naye aweza kupatwa na maumivu yale yale. Baridi huenda ikayafanya yasikike zaidi. Kiungo kinaliwa na jambo jingine.

Miongoni mwa watu waliotumia maisha yao kulitafuta jambo hilo ni Helen Muir, mwanabayokemia wa Kiingereza aliyezaliwa Naini Tal, India, mwaka 1920, akasomea kemia Chuo Kikuu cha Oxford. Kuanzia miaka ya 1950 hadi alipostaafu mwaka 1990 alishughulika na gegedu, lile tabaka jeupe lenye utelezi lifunikalo ncha za mifupa panapo kiungo. Kila aliyekula mguu wa kuku analijua. Wengi wa wakati ule walilidhania kuwa tandiko tu lisilo na uhai, linalochakaa kama soli ya buti.

Gegedu halina mshipa wa damu wala wa fahamu. Yapata robo tatu ya uzito wake ni maji. Ukikanyaga, maji hukamuliwa. Ukiinua mguu, hurudi pamoja na chakula cha chembe hai zilizomo. Sasa, maji hayo yashikwa na nini, hata yasitoke yote chini ya uzito wa mtu, mkoba na bunduki? Mwaka 1958 Muir alionyesha kwamba minyororo ya sukari iliyomo ndani ya gegedu imefungwa barabara kwenye protini. Vitu hivyo huitwa proteoglikani, navyo huvuta maji kwa nguvu. Mwaka 1972 yeye na Timothy Hardingham, katika Taasisi ya Kennedy ya magonjwa ya viungo jijini London, waliona kwamba proteoglikani nyingi hushikamana na uzi mmoja mrefu uitwao haialuronani. Mtu wa Kasese na aufikirie mkungu wa matoke: shina moja katikati, vichana vimelizunguka. Mkungu huo ni mkubwa mno kuchopoka. Umenaswa ndani ya wavu wa nyuzi imara za kolajeni, na maji umeyazuia.

Yanayofuata ndiyo yanayomhusu askari zaidi. Mwaka 1976 Muir na Cahal McDevitt walitangaza matokeo ya uchunguzi wa magoti ya mbwa ambao walikuwa wamekatwa kano moja ya ndani, ile iungayo mfupa wa paja na wa muundi. Gegedu lilianza kubadilika kabla jicho halijaona mchubuko wowote, na badiliko la mapema lilikuwa kuzidi maji. Wavu ulikuwa umelegea. Gegedu la namna hiyo huwa teketeke, halistahimili uzito, na baada ya miaka hupasuka na kulika hata mfupa ukasuguana na mfupa. Huo uyabisi tunaoutaja huja mwisho wa safari.

Na kwa kuwa gegedu halina mishipa ya fahamu, halilalamiki. Maumivu makali yanapokuja hutoka kwenye mfupa na utando wa kiungo, wakati uharibifu umekwisha kusonga mbele. Kumbukumbu za tiba za askari wa Marekani za miaka 1999 hadi 2008, zilizochapishwa mwaka 2011, zilionyesha kwamba ugonjwa huu huwapata askari kuliko raia wa umri wao, na kwa wenye miaka 40 na zaidi ni zaidi ya maradufu.

Kumwambia askari ajikaze ni desturi inayofaa mahali pake. Hata hivyo, afisa amrudishaye doria mtu ambaye goti lake lilitenguka juzi na bado limevimba, anapoteza askari wa miaka kumi ijayo ili apate wa juma moja. Mtu huyo apumzishwe, aonwe na mganga wa kikosi, kisha aimarishe misuli ya mapaja kabla ya kubeba mzigo tena. Mwenye uzito uliozidi aupunguze: kila kilo itokayo mwilini hulipunguzia goti kiasi cha kilo nne katika kila hatua. Mpaka sasa haijapatikana dawa iliyothibitishwa kuotesha upya gegedu lililokwisha. Vidonge vya diklofenaki vinunuliwavyo dukani bila cheti hutuliza, lakini vikimezwa mfululizo vyaweza kutia vidonda tumboni na kudhuru figo.

Helen Muir alifariki mwaka 2005. Alikuwa mkurugenzi wa taasisi yake tangu mwaka 1977, mwaka ule ule alipoingizwa katika Royal Society ya wanasayansi wa Uingereza.

Limebaki neno moja kwa wakuu wa vituo. Goti likivimba ghafula, likawa la moto na mtu akashikwa na homa, msilihesabu katika habari hii. Huenda ni usaha kiungoni, naye hana budi kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo, iwe ya Bwera au nyingine iliyo karibu.