Almambet: Adui aliyenyonya ziwa moja na shujaa Manas

Ukitua Bishkek, mji mkuu wa Kirgizistani, jina la kwanza kukupokea ni Manas. Ndilo jina la uwanja wa ndege. Toa noti ya som 500 na utaona sura ya mzee Sayakbay Karalaev, mghani aliyekuwa akitoa utenzi wa Manas kutoka kichwani. Toleo lake lina zaidi ya mistari 500,000. Ndiyo, umesoma vizuri: nusu milioni!

Sasa, utenzi wa vita lazima uwe na adui, na humu adui ni jirani. Kuna Wakalmak, wafugaji wenye asili ya Kimongolia, na kuna Wachina. Usitarajie waelezwe kwa upole. Wako wachawi, wako majitu, na mmoja wao ana jicho moja tu. Ukisikiliza juujuu utadhani ng'ambo ya mlima hakuishi binadamu.

Chuki hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Katika karne za 17 na 18, dola ya Wadzungar, Wamongolia wa magharibi, iliwaandama Wakirgizi na Wakazakh na kuwafukuza katika malisho yao. Miaka ya 1750 watawala wa Qing wa China waliifutilia mbali dola hiyo. Ikafa, lakini jina "Kalmak" likabaki kwenye simulizi, likawa jina la karibu kila adui.

Hapo ndipo anaingia Almambet. Huyu ni mwana wa mfalme, kazaliwa upande wa maadui. Alikosana na babake kwa sababu ya dini, akatoroka kwao. Kwanza alipokewa na Kokcho, mkuu wa Wakazakh, lakini wenye wivu wakamsengenya hadi akaondoka. Mwishowe akafika kwa Manas. Mamake Manas alipomwona, maziwa yakamjaa kifuani, na vijana hao wawili wakanyonya, wakawa ndugu wa ziwa moja. Kuanzia siku hiyo Almambet akawa mkono wa kulia wa Manas.

Basi mambo yakaisha? Wapi! Jeshi likiwa njiani kuelekea Beijing, Almambet ndiye anayeongoza, maana njia na lugha ya huko anazijua. Chubak, shujaa mwenzake, anashikwa na wivu na kumrushia maneno: eti yeye ni mtoro, mtu wa kuja. Nusura wauane, Manas akaingilia kati. Hebu jiweke mahali pa Almambet. Umeacha kwenu, umepigana bega kwa bega na watu hawa, na siku wakikukasirikia wanakumbuka ulikotoka tu. Hata hivyo anaendelea na safari, na vita hivyo ndivyo vinavyomwua.

Si yeye pekee. Katika Alpamysh, utenzi wa Wauzbeki, Karajan ni shujaa wa Kikalmak anayegeuka rafiki na kumshindia Alpamysh mbio za farasi, ili ampate mchumba wake Barchin. Katika Kitabu cha Dede Korkut, Selcan, binti wa mtawala Mkristo wa Trabzon, anachukua silaha na kumwokoa mumewe Mturuki vitani dhidi ya jeshi la babake mwenyewe.

Kwa hivyo utenzi uleule unaomtukana jirani ndio unaokiri kwamba bila jirani shujaa hafiki popote. Na kuna kichekesho hapa: mwaka wa 2009, Manas iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia usioshikika kwa ombi la China, ambako Wakirgizi wengi wanaishi hadi leo. Kirgizistani ikafuata mwaka wa 2013.

Siku nyingine ukisikia mtu akisema "hao watu ndivyo walivyo", mkumbuke Almambet. Kisha jiulize: katika kundi lako, nani amepigana vita vyote nanyi na bado mnamwita mgeni?