Pesa taslimu kwa maskini: Zaingia Kinango, zatokea Marikiti

KISIWA cha Mombasa hakina mashamba, ilhali Marikiti haikosi mihogo, nazi, maembe wala mchicha. Katika soko hili lililo kando ya Barabara ya Digo, ambalo jina lake rasmi ni Soko la MacKinnon, bidhaa nyingi hufika zikiwa zimevuka kivuko cha Likoni kutoka Kwale au daraja la Nyali kutoka Kilifi. Pesa nazo hufuata njia hiyo hiyo kwa mkondo wa kurudi. Mkulima akiuza, hununua. Akikosa mavuno, muuzaji wa viungo na muuzaji wa leso katika barabara jirani ya Biashara hulihisi pengo hilo hata kama hawajawahi kukanyaga Kinango.

Ndiyo maana mjadala kuhusu kuwapa maskini pesa mkononi, badala ya magunia ya mahindi au semina za maendeleo, haufai kuachiwa wanavijiji na mashirika pekee. Unamhusu pia mfanyabiashara wa mjini, na ni vyema aelewe mpango wenyewe unavyofanya kazi.

Pwani si mgeni katika suala hili. Mnamo 2004, wakati ugonjwa wa Ukimwi ulikuwa umeacha mayatima wengi mikononi mwa nyanya na shangazi wasio na kipato, serikali ya Kenya, kwa usaidizi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Watoto (UNICEF), ilianza kuzilipa familia 500 Sh500 kila mwezi. Maeneo yaliyochaguliwa kwa majaribio yalikuwa matatu: Nairobi, Garissa na Kwale. Kiwango hicho kilipanda hadi Sh1,500 na baadaye Sh2,000. Mpango huo sasa ni sehemu ya Inua Jamii, ambao pia huwalipa watu wenye ulemavu mkubwa na, tangu 2018, wazee waliotimiza umri wa miaka 70.

Sh2,000 ni kitu gani? Tuchukue mfano wa familia ya watu sita katika eneo kame la Kinango, ambako mvua ikikosa kazi inayobaki aghalabu ni kuchoma makaa au kutafuta kibarua. Ukigawa pesa hizo kwa vichwa sita na kwa siku 30, kila mmoja hupata takriban Sh11 kwa siku. Hakuna anayeweza kudai kwamba Sh11 humwondoa mtu katika umaskini.

Hata hivyo, hesabu ya vichwa huficha jambo muhimu. Maskini wa mashambani hasumbuliwi na uchache wa pesa tu, bali pia na kutojua zitakuja lini. Asiyejua atapata nini wiki ijayo hununua unga kwa kipimo cha siku moja, tena kwa bei ya juu kuliko anayenunua gunia. Huuza mbuzi wakati kila jirani anauza wake, bei ikiwa imeanguka. Huuza mahindi mabichi shambani kwa dalali kwa sababu mtoto amefukuzwa shule. Akikopa, mwenye duka huandika deni lake katika daftari, na mwenye daftari ndiye huamua bei. Umaskini una gharama zake, na mwenye nacho hazijui.

Pesa ndogo inayofika kwa tarehe inayojulikana huvunja sehemu ya mzunguko huo. Mwenye duka humkopesha kwa urahisi mtu anayejua atalipwa tarehe fulani. Mbuzi husubiri hadi bei ipande. Watafiti waliofuatilia familia za mpango wa mayatima katika wilaya saba, Kwale ikiwa mojawapo, walibaini kwamba familia hizo zilikula vyakula vya aina nyingi zaidi, ikiwemo nyama na maziwa, na kwamba vijana waliofikia umri wa sekondari walibaki shuleni kwa wingi kuliko wenzao. Watoto walipunguziwa kazi za shambani. Katika uchunguzi mwingine wa mpango huo, uwezekano wa wasichana kupata mimba ulipungua kwa takriban theluthi moja. Hakuna aliyewahubiria wasichana hao. Pesa zilikwenda kwa mlezi, nao wakaendelea na masomo.

Kuna tofauti kubwa, lakini, kati ya pesa zinazotolewa kidogo kidogo na zile zinazotolewa kwa mkupuo. Somo hili limetoka Siaya, ambako shirika la Marekani la GiveDirectly lilianza kutuma pesa kwa familia maskini mnamo 2011 kupitia M-Pesa, huduma iliyokuwa imezinduliwa na Safaricom miaka minne tu kabla ya hapo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliolipwa kila mwezi walitumia zaidi kwa chakula, ilhali waliolipwa kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu, hasa mabati.

Mabati huenda yakaonekana kuwa anasa. Mkazi wa Pwani anayeezeka kwa makuti ataelewa haraka kwamba si hivyo. Paa la nyasi au makuti huliwa na mchwa na mvua, na kila baada ya miaka michache sharti libadilishwe. Anayeweka mabati mara moja hujiondolea gharama hiyo kwa miaka mingi. Lakini nani anaweza kuweka akiba ya bei ya mabati kutoka Sh11 kwa siku?

Jibu ni kwamba wanawake wanaweza, wakishirikiana. Katika utafiti mkubwa zaidi wa shirika hilo, uliohusisha vijiji 295 katika kaunti za Siaya na Bomet, vijiji 44 viliahidiwa Sh2,250 kwa kila mtu mzima kila mwezi kwa miaka 12. Vingine 80 viliahidiwa kiasi hicho kwa miaka miwili pekee, na 71 vikapewa kwa mkupuo kiasi kinachokaribia jumla ya miaka hiyo miwili. Waliopewa kwa mkupuo walianzisha biashara. Waliolipwa kila mwezi kwa miaka miwili hawakuwafikia. Lakini wale wenye ahadi ya miaka 12 walifanya vizuri pia, kwa sababu wengi waliunda vyama vya kupokezana, yaani upatu, wakazigeuza pesa za kila mwezi kuwa mkupuo kwa zamu. Aliyejua atalipwa mwaka baada ya mwaka alithubutu kuahidi mchango wake.

Msomaji atauliza: Je, hazitaishia katika ulevi? Si haki kulipuuza swali hilo, maana kila mtu anamjua mlevi fulani. Lakini tafiti za Siaya hazikuona ongezeko la matumizi ya pombe na tumbaku, na tathmini ya tafiti za nchi nyingi iliyotolewa mwaka 2014 na wataalamu wa Benki ya Dunia ilifikia uamuzi uo huo. Kuhusu uvivu, vijiji vya miaka 12 vilionyesha watu wakiacha vibarua na kuingia katika shughuli zao wenyewe. Walichoacha ni kumlimia mtu mwingine.

Hofu nyingine ni mfumko wa bei. Kati ya 2014 na 2017, zaidi ya familia 10,500 katika eneo la vijiji 653 vya Siaya zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Ni pesa nyingi kuingia sehemu moja, na wachumi walitarajia bei kuruka. Zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Badala yake, kila shilingi iliyotolewa ilizaa shughuli za kiuchumi zenye thamani ya takriban shilingi mbili na nusu, na hata familia ambazo hazikupewa chochote zilinufaika. Wenye maduka, mafundi na vinyozi waliuza zaidi bila kulazimika kupandisha bei, kwani wengi walikuwa wakishinda bila wateja.

Hapa ndipo muuzaji wa Marikiti anapoingia. Mafuta, sukari, sare za shule, viungo vya pilau la Idi na leso mpya havitoki Kinango. Mkondo uliopimwa Siaya haujapimwa hivyo kisiwani, lakini jinsi bidhaa zinavyosafiri hapa Pwani, sioni sababu ya kudhani kwamba pesa hizo zitakomea ng'ambo ya feri.

Watafiti waliporejea katika vijiji hivyo hivyo vya Siaya walipata jambo zito kuliko yote. Katika ripoti iliyotolewa 2025, walieleza kwamba vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa asilimia 48 katika familia zilizopokea pesa. Akina mama waliweza kupumzika kazi nzito katika miezi ya mwisho ya ujauzito, wakala, na wakafika hospitalini. Faida hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa walioishi karibu na kituo chenye daktari. Pesa hazijengi hospitali.

Basi tatizo letu li wapi? Li katika kalenda. Malipo ya Inua Jamii mara nyingi yamekuwa yakichelewa, kisha yakilipwa kwa malimbikizo. Wapo wanaodai hakuna hasara, kwa kuwa mzee hupata mkupuo. Hoja hiyo haina msingi. Mkupuo usiojulikana utafika lini haupangiwi mabati. Tayari umeshaliwa katika daftari la duka, na ukifika hupita tu mikononi mwa mzee ukielekea kwa mdai wake. Kwa anayeishi mbali na wakala wa benki, safari ya kwenda kuulizia pesa ambazo hazijaingia hula nauli pia. Serikali ikikosa kulipa kwa wakati, huharibu hasa kile kinachoifanya Sh2,000 iwe na maana.

Aidha kuna suala la kiwango. Sh2,000 zilizowekwa mnamo 2011 hazikuongezwa kwa zaidi ya mwongo mmoja, huku bei ya unga ikipanda. Na kuna wanaotolewa: familia iliyoingizwa kwa ajili ya yatima huondoka katika orodha wakati hakuna tena mtoto wa chini ya miaka 18 nyumbani, hata kama mtoto huyo ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne na hana karo ya chuo. Vile vijiji 44 vya Siaya na Bomet vimeahidiwa malipo hadi karibu 2030. Yatakapokoma, watafiti watarudi kuangalia ni vyama vingapi vya upatu vimesalia, na ni maduka mangapi bado yamefunguliwa.