Mashine ya Mkaa Mbadala Kiembe Samaki: Chuma ni Shilingi 15, Mikono ni 642

Kiembe Samaki, Unguja, upande wa Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, vitu viwili havitafutwi mbali: chuma chakavu na chenga. Chenga ni vumbi na vipande vidogo vya mkaa vinavyobaki chini ya polo muuzaji akishapima. Ukizichanganya na udongo na maji, ukazigandamiza na kuzianika, unapata mkaa mbadala. Fundi wa kuchomea anaweza kuunda mashine ya kugandamiza kwa siku mbili. Hesabu inayosikika mtaani ni fupi: chenga ni takataka, chuma ni takataka, basi mkaa ni wa bure. Makala hii inaipima hesabu hiyo.

Bei nilizotumia ni za kukadiria, na nimeziweka wazi ili msomaji aingize zake. Mkaa nimeuweka Sh 1,000 kwa kilo, mtungi wa gesi wa kilo 15 nimeuweka Sh 55,000, na ujira wa kutwa Sh 13,000 kwa mtu.

Tuanze na mashine ya wenzo, yaani mti mrefu wa chuma unaokandamizwa upande mmoja ili upande wa pili usukume kwa nguvu. Chuma chakavu kilo 45 kwa Sh 2,000 ni Sh 90,000. Kipande cha bomba kwa ajili ya kalibu, ambayo ndiyo inayoupa mkaa umbo, ni Sh 20,000. Pini na bolti ni Sh 15,000, vijiti vya kuchomelea na umeme Sh 35,000, na fundi siku 2 kwa Sh 45,000 ni Sh 90,000. Jumla ni Sh 250,000.

Nguvu yake inahesabika kwa futi ya kupimia. Kutoka kwenye egemeo hadi pistoni ni sentimita 15, na kutoka egemeo hadi mkononi ni sentimita 150. Uwiano ni 10 kwa 1, kwa hiyo mtu akiinama na kilo 50 za uzito wake, pistoni inapata kilo 500. Kalibu ina kipenyo cha sentimita 10 na katikati ina tundu la sentimita 2.5. Tundu hilo hupitisha hewa mkaa ukiwaka, na ni umbo ambalo Richard Stanley wa Legacy Foundation ya Marekani amelieneza pamoja na mashine zake za mbao. Eneo linalobaki ni sentimita za mraba 73.6, na mgandamizo ni kilo 6.8 kwa kila sentimita ya mraba. Unatosha kukamua maji: yanaonekana yakitoka kwenye vitundu vya ubavuni mwa bomba, meusi mwanzoni, kisha yanapungua mpaka matone.

Hapo ndipo mafundi wengi hushawishika kuongeza kalibu zifike 4 chini ya wenzo uleule. Kilo 500 zikigawanywa kwa sentimita za mraba 294 zinabaki kilo 1.7. Wenzo haukubadilika, lakini kila donge limepata robo ya nguvu, na litavunjika likipakiwa kwenye kiroba.

Sasa kasi. Kujaza, kukandamiza na kutoa donge moja ni dakika 2, nikimchukulia mtu aliyekwisha kuizoea kazi. Saa 6 za kukandamiza ni madonge 180. Kila donge likikauka lina gramu 250, hivyo ni kilo 45. Toa asilimia 10 ya yanayovunjika, zinabaki kilo 40.5. Watu 2 wamelipwa Sh 26,000. Ujira peke yake ni Sh 642 kwa kilo.

Mashine je? Ikidumu miaka 2 na kufanya kazi siku 200 kwa mwaka, itatoa kilo 16,200. Sh 250,000 ukizigawa kwa kilo hizo ni Sh 15 kwa kilo. Kinachozungumzwa sana kwa fundi, yaani bei ya chuma, ni Sh 15. Kisichozungumzwa ni Sh 642.

Tulinganishe na mashine ya jeki. Chukua fremu nzito zaidi, jeki ya gari ya tani 10, kalibu 4 na springi ya kurudisha bamba. Jeki Sh 150,000, chuma zaidi kilo 60 Sh 120,000, kalibu tatu za ziada Sh 60,000, springi Sh 20,000. Ongeza kwenye zile Sh 250,000 na jumla ni Sh 600,000, zaidi ya mara mbili. Mgandamizo ni kilo 34 kwa sentimita ya mraba, mara 5 ya wenzo. Kupampu jeki kunachukua muda, kwa hiyo mzunguko nimeuweka dakika 3 badala ya 2. Lakini kila mzunguko unatoa madonge 4: 80 kwa saa, 480 kwa kutwa, kilo 108 baada ya kutoa yanayovunjika.

Ujira uleule wa Sh 26,000 sasa ni Sh 241 kwa kilo. Na mashine ya Sh 600,000, kwa siku zilezile 400, ni Sh 14 kwa kilo. Mashine ghali imekuwa nafuu kuliko ile rahisi, hata kabla ya kugusa ujira. Dhana inayostahili kutiliwa shaka hapa ni jeki yenyewe: sili zake za mafuta hazikutengenezwa kwa ajili ya kupampu mara 120 kwa siku. Basi weka jeki ya pili ya Sh 150,000 katikati ya safari. Inaongeza Sh 3.50 kwa kilo. Haibadilishi kitu.

Gharama nyingine ni tatu. Chenga nimeziweka Sh 200 kwa kilo, na kwa kuwa ni asilimia 80 ya mchanganyiko zinachukua Sh 160. Kuchekecha, maji, viroba na usafiri ni Sh 60. Banda la kuanikia nimelikadiria Sh 9. Jumla ya wenzo ni Sh 886 kwa kilo. Jumla ya jeki ni Sh 484.

Je, mnunuzi atalipa ngapi? Hapa kilo haitoshi, kwa sababu mpishi hanunui uzito, ananunua joto linalofika kwenye sufuria. Kipimo cha joto ni megajuli. Megajuli 1 ikiingia yote kwenye sufuria inachemsha lita 3 hivi za maji. Kilo ya mkaa wa miti ina megajuli 28 hivi. Jiko la mkaa likifikisha robo yake sufuriani ni megajuli 7, na kwa Sh 1,000 kila moja inagharimu Sh 143. Kilo ya gesi ina megajuli 46, jiko linafikisha asilimia 55, yaani 25.3. Mtungi wa Sh 55,000 ni Sh 3,667 kwa kilo, hivyo megajuli ni Sh 145. Tofauti ya Sh 2 ni ndogo mno kujengea hoja. Mkaa ukipanda hadi Sh 1,300 unakuwa Sh 186, na gesi inashinda waziwazi. Anayesema gesi ni ghali mara nyingi anasema kwamba Sh 55,000 kwa mpigo ni nyingi, jambo ambalo ni kweli, ila ni swali jingine.

Mkaa mbadala wa chenga na udongo nauwekea megajuli 20 kwa kilo. Robo yake ni 5. Kwa Sh 143, thamani yake haizidi Sh 714 kwa kilo. Hiyo ndiyo dari. Jeki kwa Sh 484 iko chini ya dari kwa Sh 230. Wenzo kwa Sh 886 umeipita kwa Sh 172: kila kilo inayouzwa ni hasara, au ni mtu aliyefanya kazi bila kulipwa.

Lakini dari hiyo imejengwa juu ya dhana moja, kwamba kila moto unatumika kwa ufanisi uleule, na kuna kipimo kinachoipinga. Utafiti wa Mary Njenga na wenzake, uliochapishwa 2013, ulipima mapishi ya mahindi mabichi na maharage kwa kaya ya watu 5 jijini Nairobi. Mkaa mbadala, asilimia 80 chenga na asilimia 20 udongo, ulitumika gramu 850. Mkaa wa kawaida ulitumika gramu 890. Kwa hesabu yangu ya megajuli, kazi ya gramu 890 za mkaa ingehitaji kilo 1.25 za mkaa mbadala. Haikuwa hivyo, kwa sababu unawaka polepole: saa 4 dhidi ya saa 2 na nusu. Sufuria ikishachemka, moto mkali wa mkaa unapotea hewani. Moto mpole unaendelea kuivisha.

Kwa maharage, basi, dari si Sh 714 bali Sh 1,047. Kwa anayekaanga mihogo jioni au kuchoma chapati, dari inarudi chini, pengine chini zaidi ya 714, kwa sababu yeye anataka ukali. Wenzo wa Sh 886 una soko kwa mpishi wa kwanza na hauna kwa wa pili. Kampuni ya Chardust ya Nairobi iliyatambua haya mapema: miongoni mwa wateja wa mkaa wake wa chenga walikuwamo wafugaji wanaopasha joto vifaranga, watu wanaotaka moto mdogo wa usiku kucha. (Banda la vifaranga liwe na hewa. Mkaa mbadala hauna moshi, lakini hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni bado inatoka, nayo haina harufu.)

Utafiti huohuo ndio chanzo cha takwimu inayopendwa sana: mlo ule uligharimu shilingi 3 za Kenya kwa mkaa mbadala, 26 kwa mkaa, na 45 kwa mafuta ya taa. Kabla ya kuinakili takwimu hiyo Unguja, itazame pamoja na nyingine iliyotoka kwenye kazi hiyohiyo: kaya zilizojitengenezea ziliokoa asilimia 70 ya fedha za nishati, zilizonunua ziliokoa asilimia 30. Pengo la asilimia 40 ni nini? Sehemu kubwa ni ujira. Futa Sh 642 kwenye hesabu ya wenzo na Sh 886 inakuwa Sh 244, karibu robo ya bei ya mkaa. Kaya ya Kiembe Samaki inayotumia kilo 2 za mkaa mbadala kwa siku inaweza kujitengenezea mahitaji ya wiki kwa saa mbili hivi za kukandamiza. Kwa kaya hiyo wenzo unafaa. Kwa biashara yenye vibarua haufai.

Udongo nao una bei yake. Kilo moja ina gramu 200 za udongo ambao mnunuzi ameulipia na hauwaki. Ukijumlisha majivu ya chenga zenyewe, kilo inaacha gramu 300 hivi jikoni. Badala ya udongo unaweza kutumia uji wa unga wa muhogo, asilimia 5. Gramu 50 za unga wa Sh 1,600 kwa kilo ni Sh 80, na chenga zinazoongezeka ni Sh 30, jumla Sh 110. Joto linapanda hadi megajuli 24, na dari inapanda kwa Sh 143. Faida ya Sh 33 kwa karatasi; masika inaweza kuifuta, maana donge la uji lisipokauka upesi huota kuvu.

Kukauka ni hesabu ya uwanja. Madonge 480 yakipangwa kila sentimita 13 yanachukua mita za mraba 8 kwa siku. Kiangazi, kwa siku 4, ni mita 32. Masika, chini ya paa, kwa siku 10, ni mita 81, yaani nafasi ya nyumba nzima. Vichanja vya ngazi 4 vinaishusha hadi 20. Ndiyo sababu niliweka siku 200 za kazi na si 300, na anayekuletea mchanganuo wa siku 300 muulize ataanika wapi mwezi wa Aprili.

Mwisho ni ukubwa. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, ilimo Kiembe Samaki. Kwa watu 5 kwa kaya ni kaya 178,634. Nusu wakitumia kilo 2 za mkaa kwa siku ni tani 178.6. Chenga kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15 ya mkaa. Kwa 10 ni tani 17.9, zinazotoa tani 22.3 za mkaa mbadala. Kwa joto, hizo ni sawa na tani 15.9 za mkaa, au asilimia 9. Ukibadilisha idadi ya kaya asilimia haibadiliki. Ukichukua upotevu wa 15 inafika 13. Mkaa mbadala wa chenga hauwezi kuuondoa mkaa, kwa kuwa unaishi kwa mabaki yake. Kuutaja kwenye lengo la Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034, ni kuutwika mzigo usio wake.

Ukitaka kuzikwepa chenga uchome vifuu, hesabu ni hii: jeki moja inakula kilo 96 za vumbi kwa siku. Vifuu vikavu hutoa robo ya uzito wake, hivyo ni kilo 384, na kifuu cha gramu 150 kinakupeleka kwenye nazi 2,560 kwa siku, kwa mashine moja.

Kwa chenga, kilo 96 ni mabaki ya kilo 960 za mkaa, yaani kaya 480. Mashine ya kwanza mtaani itazipata kwa Sh 200, huenda kwa kuzoa tu. Ya pili itamfuata muuzaji yuleyule, naye ataona kwamba takataka yake ina wateja wawili. Kwa Sh 400, gharama ya jeki inapanda hadi Sh 644. Ikifika Sh 487 kwa kilo, karibu nusu ya bei ya mkaa wenyewe, inagusa dari ya Sh 714.