Mama Mlezi Pekee katika Riwaya ya Siku Njema: Usomaji kutoka Usukuma

Makala haya yanafafanua nafasi ya mama anayelea peke yake katika riwaya ya makuzi, kwa kurejelea Siku Njema (1996) ya Ken Walibora. Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu mjini Tanga, anamlea mwanawe Kongowea bila baba. Baada ya kifo cha mama, kijana anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta babaye. Hivyo msomaji aweza kudhani kwamba baba ndiye kiini cha makuzi hayo.

Mila ya Kisukuma, inayofahamika kwa wasomaji wa Didia mkoani Shinyanga, inatoa kipimo tofauti. Kimapokeo, kuzaa pekee hakumpi baba haki juu ya mtoto. Ng'ombe wa mahari au wa kumkomboa mtoto ndio humpa. Wasipotolewa, mtoto ni wa ukoo wa mamaye. Hata hivyo, haki hiyo humwendea babu mzaa mama, na jasho la mama halihesabiwi. Riwaya inalihesabu: malezi ya Tanga ndiyo akiba pekee anayosafiri nayo Kongowea. Kwa hiyo, safari ya kumtafuta baba yenyewe ni zao la kazi ya mama.