Kutoka Ngong Road hadi Asakusa

Barabara ya Ngong inatenganisha mitaa miwili mikubwa ya Nairobi: Kibera iko upande wa kusini, Kawangware upande wa kaskazini. Sehemu kati ya Maktaba ya Taifa na Dagoretti Corner ilipanuliwa kwa msaada wa serikali ya Japani. Matatu nyingi za abiria 14 zinazopita hapo ni Toyota na Nissan zilizotumika kwanza Japani, kisha zikashushwa bandarini Mombasa, zikawekewa viti na kupakwa rangi. Mtu wa Kawangware anayepanda gari la njia namba 46 asubuhi amekuwa mteja wa Japani tangu utotoni, hata kama hajawahi kuwa na pasipoti.

Wako pia waliokutana ana kwa ana. Ndani ya Kibera kuna shule ya Magoso, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Lilian Wagala akishirikiana na rafiki yake Mjapani, Chikako Hayakawa, aliyekuja kuishi Kenya miaka ya 1980. Mwanamuziki Eriko Mukoyama alitoka Tokyo akaenda Siaya kujifunza kupiga nyatiti, ala ambayo kwa desturi ya Waluo ilikuwa ya wanaume, na leo anafahamika kwa jina la Anyango. Wakenya nao wamekwenda Japani. Douglas Wakiihuri alinolewa Japani kabla ya kushinda marathoni ya dunia mjini Roma mwaka 1987. Michael Olunga, mzaliwa wa Nairobi, aliifungia Kashiwa Reysol mabao manane katika mechi moja mwaka 2019, na mwaka uliofuata akatajwa mchezaji bora wa ligi kuu ya Japani.

Wengi kati ya wasafiri wa aina hii walikuwa na mtu wa kuwapokea. Jambo hilo lina uzito kuanzia kwenye ombi la viza.

Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Japani kabla ya kuondoka. Pamoja na fomu na picha, huombwa kuonyesha uwezo wake wa kifedha, tiketi aliyoweka, mahali atakapolala na ratiba ya kila siku atakayokuwa nchini humo. Anayealikwa na rafiki anayeishi Japani huongeza barua ya mwaliko, na rafiki akiwa ndiye mlipaji, hati ya dhamana. Taarifa ya benki ndiyo huwatesa wafanyabiashara wadogo. Mama mboga anaweza kuzungusha fedha nzuri kila wiki, lakini fedha hizo ziko kwenye simu, kwenye chama na kwenye bidhaa. Anayeota safari hii afadhali aanze kupitisha mapato yake benki miezi mingi mapema, badala ya kukopa fungu moja kubwa na kuliweka kwenye akaunti wiki ya mwisho.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Wasafiri hubadilisha Doha, Dubai au Addis Ababa, na wakitua Tokyo saa zao ziko nyuma kwa saa sita. Nauli ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na haigawanyiki. Vingine vinagawanyika, na hapo ndipo umuhimu wa kwenda wawili unapoonekana: chumba kimoja chenye vitanda viwili, sahani za kuonja pamoja, na macho manne ndani ya stesheni ya Shinjuku. Stesheni hiyo hupitiwa na abiria takriban milioni tatu kwa siku na ina milango ya kutokea zaidi ya 200. Aliye peke yake akikosea mlango anaweza kujikuta mtaa mwingine kabisa. Wakiwa wawili, mmoja husoma ramani, mwenzake akasoma mabango.

Mtu aliyezoea matatu yenye muziki mkubwa na makanga aninginiaye mlangoni atashangazwa na ukimya. Ndani ya treni za Tokyo watu hawazungumzi kwa simu, na abiria hupanga foleni mbele ya alama zilizochorwa sakafuni. Reli ya Yamanote huzunguka jiji kupitia vituo 30 kwa takriban saa moja. Kwa nauli ndogo, ni njia nzuri ya kulijua jiji siku ya kwanza, wakati mwili bado unadhani ni usiku. Treni ya mwendo kasi, Shinkansen, ilianza tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo ambako Wilson Kiprugut aliipatia Kenya medali yake ya kwanza. Leo aina ya haraka zaidi hutoka Tokyo hadi Osaka, zaidi ya kilomita 500, kwa takriban saa mbili na nusu, na tiketi hugharimu karibu yeni 14,000. Mwenye mfuko mwepesi hupanda basi la usiku, akaokoa nauli na bei ya kitanda kwa pamoja.

Vivutio vingi vikubwa havina kiingilio, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Hekalu la Senso-ji mtaani Asakusa, ambalo mapokeo yake yanaanzia mwaka 628, liko wazi kwa kila mtu, na njia ya kuliendea imejaa vibanda vya biskuti za mchele na feni za karatasi. Kyoto kuna Fushimi Inari, ambako maelfu ya malango mekundu yamepandishwa mlimani na mtu anaweza kupanda hata usiku. Nara kuna paa wanaotembea bustanini kati ya watu. Mlima Fuji, wenye mita 3,776, ni mfupi kuliko Mlima Kenya kwa zaidi ya mita 1,400, ila umesimama peke yake, na siku isiyo na mawingu huonekana hadi Tokyo. Hiroshima yastahili siku nzima. Jumba la makumbusho ya bomu la atomiki la tarehe 6 Agosti 1945 hutoza yeni chache, na ndani yake zimo nguo na vyombo vya watoto wa shule walioangamia. Hapo marafiki wengi watahitaji kukaa kimya pamoja kwa muda kabla ya kwenda kokote.

Chakula ndicho huogopwa zaidi, kwa sababu Wakenya wengi wakisikia Japani hufikiria samaki mbichi tu. Mjapani wa kawaida hula vingine vingi. Bakuli la wali lililofunikwa nyama ya ng'ombe iliyopikwa na vitunguu, gyudon, huuzwa karibu yeni 500. Kwa viwango vya mwaka 2025, yeni 100 zilikuwa kama shilingi 85 hadi 90 za Kenya. Mkahawa wa Yoshinoya umekuwa ukiuza chakula hicho tangu 1899, ulipoanza kuwahudumia wachuuzi wa soko la samaki la Tokyo. Mteja huketi, hula, huondoka. Mtu wa chapati na madondo kibandani Kawangware hahitaji kuelezwa mtindo huo.

Tambi za soba huliwa kwa kusimama ndani ya stesheni, na kuzivuta kwa sauti si utovu wa adabu. Kwenye mikahawa mingi ya ramen mtu hununua tiketi kwenye mashine mlangoni, kisha humkabidhi mpishi. Mlaji wa omena atafurahi kugundua kwamba Wajapani nao hukausha dagaa wadogo na kuwachemsha kupata mchuzi, na dagaa wengine humwagwa juu ya wali jinsi walivyo. Anayetaka kujaribu sushi bila kufilisika aende penye mkanda unaozungusha sahani, ubunifu ulioanza Osaka mwaka 1958. Bakshishi haitolewi. Na vijiti havisimikwi wima kwenye wali, kwani hivyo ndivyo hufanywa msibani.

Waislamu, kama Wanubi wa Kibera, wana jambo la kuangalia: nguruwe na pombe ya mchele huingia katika michuzi mingi bila kuonekana. Mahali pazuri pa kuanza kuuliza ni msikiti wa Tokyo Camii, uliojengwa mara ya kwanza mwaka 1938; jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2000.

Kwenye manunuzi, mtu wa soko la mitumba la Toi ana ujuzi ambao mtalii mwenye pesa nyingi hana. Amezoea kupekua rundo, kupapasa kitambaa, kukagua mshono na kutofautisha kamera, yaani nguo bora, na fagia, yaani za hali ya chini, kabla muuzaji hajafungua mdomo. Mtaa wa Shimokitazawa umejaa maduka ya nguo zilizovaliwa, na kampuni kama 2nd Street na Book Off zina matawi nchi nzima. Mara nyingi nguo zimefuliwa, zimepangwa kwa saizi, na kasoro yake imeandikwa kwenye lebo. Bei haijadiliwi, isipokuwa kidogo katika soko la Ameyoko, Ueno, lililokua kutoka soko la magendo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Maduka ya Daiso huuza vitu vingi kwa yeni 110, kodi ikiwemo. Zawadi nyepesi ni furoshiki, kitambaa cha mraba cha kufungia vitu. Aliyelelewa na leso hatafundishwa kukitumia.

Vifaa vya umeme vinataka tahadhari zaidi. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Kenya 240, na plagi hazifanani. Chaja za simu na kompyuta nyingi huandikwa 100–240 na hazina shida. Birika, pasi au jiko la wali lililotengenezwa kwa soko la Japani litaungua siku ya kwanza likichomekwa Kawangware bila transfoma. Dukani, mmoja ashike kifaa na mwenzake asome maandishi madogo ya nyuma kabla ya kulipa.